Kitufe cha Uchungu

Mkunga mkuu wa zahanati ile alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Akishasema jambo litafanyika, wenzake walikuwa wanaacha kubishana naye na kuanza kutafuta viti, maana walijua kikao kitakuwa kirefu.

Jambo lililomkaa kooni lilikuwa simu ya mapokezi. Zahanati haikuwa na gari lake. Madereva kadhaa wa teksi walikuwa wamekubali kuwabeba wajawazito, lakini ilibidi mama apige simu mapokezi, kisha mapokezi wawatafute madereva mmoja mmoja. Laini ilikuwa haikosi mtu. Siku mama mmoja alipojifungulia getini, huku mumewe bado ameshika simu sikioni, mkunga alivua glavu akasema hili halitatokea tena.

Aliyempa njia ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenye saluni. Wifi alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kupangia wateja wake zamu, na hakuwahi kusomea kompyuta hata siku moja. Alitumia mtandao unaokuwezesha kuunda programu kwa kupanga vipande kwenye skrini, bila kuandika msimbo wowote.

"Ni kama kumtuma mtoto dukani," wifi alimweleza. "Kitufe hakina akili. Wewe ndiye unayekiambia: mtu akikubonyeza, fanya hiki, ukimaliza fanya kile, halafu kile. Usipomwambia arudi na chenji, harudi nayo."

Mkunga alijifunza wakati wa mapumziko ya mchana, chakula kikipoa pembeni. Mwishowe programu ikasimama. Mama akisajiliwa kliniki aliwekewa kwenye simu yake kitufe kikubwa chekundu kilichoandikwa "Nina uchungu". Akikibonyeza, programu ilisoma mahali alipo, ikapahifadhi, kisha ikawatumia madereva meseji yenye ramani. Dereva wa kwanza kujibu ndiye aliyekwenda. Kina mama wakakipenda. Madereva nao, ambao mwanzoni walicheka, wakaanza kugombania safari.

Kisha mkunga alikijaribu kitufe ofisini, akaona meseji inachelewa, akataka itoke haraka zaidi. Alifungua ule mpangilio wa vitendo, akakiburuta kitendo cha kutuma mpaka juu ya kile cha kuhifadhi. Akajaribu kwa simu yake akiwa ofisini, akajaribu tena papo hapo. Mara zote mbili meseji ilifika upesi, ramani ikaonyesha zahanati. Akaridhika, akarudi wodini.

Haikupita wiki. Mwalimu mmoja wa chekechea, mimba yake ya kwanza, alibonyeza kitufe akiwa peke yake nyumbani. Dereva waliyemwita Breki, kwa sababu gari lake lilikuwa linasikika likisimama mtaa wa pili, alijibu mara moja na kufuata ramani. Ilimpeleka kwenye nyumba ya mama aliyekuwa amebonyeza jana yake, kisha akawahishwa zahanati na gari la shemeji yake bila kumngoja dereva, akajifungua. Alipogonga mlango akisema amekuja kumchukua mjamzito, mama mkwe wa nyumba ile alimtazama juu hadi chini.

"Baba, mtoto tumeshampata," alimwambia. "Au umetumwa kumfuata mwenzake?"

Breki alikuwa anasimulia sehemu hiyo kwa kucheka, mpaka aliposikia yaliyompata mwalimu. Mtoto alizaliwa sebuleni, mikononi mwa jirani aliyesikia kelele. Alikuwa mzima. Lakini mama alivuja damu nyingi, na alipofikishwa zahanati kwenye pikapu ya mboga midomo yake ilikuwa imepauka. Mkunga na daktari walihangaika naye mpaka damu ikakata. Aliponea chupuchupu.

Daktari mkuu hakufoka. Aliagiza kitufe kizimwe, kina mama wote wapigiwe simu na kuambiwa, na kisiwashwe mpaka yeye mwenyewe aridhike kwamba hakimpotezi mtu. Mkunga hakupinga. Alikizima palepale, mbele yake.

Mume wa mwalimu alikuja siku iliyofuata, macho mekundu. Mkunga hakumtuma mtu aseme hayupo. Alimkaribisha kiti, naye akabaki amesimama.

"Mke wangu alibonyeza, akakaa mlangoni anasubiri," mwanamume alisema. "Angejua hakuna anayekuja, angepiga kelele mapema. Hilo ndilo linaloniuma."

"Kosa ni langu, shemeji, ila sijajua limeingilia wapi," mkunga alimjibu. "Nikishajua nitakuja kwenu niwaambie. Sitawabahatishia maneno."

Wifi alimshauri aachane nayo. Alisema saluni mtu akikosewa zamu anakasirika tu, lakini huku ni roho za watu, na lawama zitamla. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba simu yake ya pili.

Siku hiyo mkunga aliiwasha programu kwa majaribio tu, wakazunguka mitaani pamoja. Wifi alisimama kituo cha mabasi akabonyeza, Breki akipokea meseji upande wa pili. Ramani ikaonyesha nyumba ya mwalimu. Akaenda hadi sokoni, akabonyeza tena. Ramani ikaonyesha kituo cha mabasi. Mbele ya duka la dawa ikaonyesha soko. Wifi alikuwa anaanza kulalamika kuhusu viatu vyake pale mkunga alipokaa kwenye ngazi za duka na kushika kichwa.

Sasa aliona. Programu ilikuwa inatuma kwanza, halafu ndiyo inahifadhi. Kwa hiyo ilichota mahali palipokuwa pamehifadhiwa na aliyebonyeza kabla, na kumpa dereva. Yeye alijaribu mara zote akiwa ofisini, mahali pa zamani na papya pakawa pale pale, asione tofauti. Hakuna aliyeharibu ila mkono wake mwenyewe, siku ile alipotaka haraka.

Alilia kidogo pale pale kwenye ngazi, watu wakipita. Wifi alimshika bega. Kisha mkunga akafuta uso, akafungua kompyuta magotini na kukirudisha kitendo cha kutuma chini ya kile cha kuhifadhi.

Hakuishia hapo. Aliongeza sharti: kama mahali hapajapatikana, programu isimtume dereva gizani, bali ipige kengele mapokezi ili mama apigiwe mara moja. Aliongeza kitendo kingine: dereva aliyejibu asiposogea, safari impite iende kwa anayefuata. Na mama aweze kuona kwenye simu yake kama kuna anayekuja au hakuna. Hilo la mwisho alilipata kwa mume wa mwalimu.

Alikwenda nyumbani kwao kama alivyoahidi. Mwalimu alikuwa ameegemea mito, mtoto amelala kifuani. Mkunga aliwaeleza yote bila kujitetea: alichokisogeza, kwa nini alikisogeza, na jinsi alivyojaribu mahali pamoja tu.

Mwalimu alimweka mtoto sawa kifuani.

"Kwa hiyo hukuwahi kukijaribu kutoka nyumbani kwa mtu," alisema.

"Sikuwahi."

"Basi kijaribu kutoka hapa."

Mumewe alitaka kukataa, lakini mwalimu alishanyoosha mkono. Mkunga aliiwasha programu kwa jaribio lile tu, akampa simu. Mwalimu alibonyeza, akaiweka simu juu ya shuka, wote watatu wakaitazama. Jina la Breki likatokea, na chini yake neno "Anakuja". Walisubiri mpaka waliposikia breki zikilia nje. Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza, kisha machozi yakamtoka, na mumewe akaenda kumfungulia dereva mlango.

Daktari alitaka kuona majaribio kutoka kila mtaa, akayaona. Akakubali, kwa sharti kwamba mtu wa mapokezi aendelee kukaa karibu na simu. Mkunga alisema hata yeye angetaka hivyo.

Kitufe kilirudi kazini mchana wa mvua kubwa. Mama mmoja wa mtaa wa juu alibonyeza. Dereva wa kwanza alijibu, kisha akakwama kwenye maji, na programu ikampita, ikamtafuta mwingine. Mkunga aliyatazama yote hayo yakipita kwenye skrini, ameshikilia ukingo wa meza. Jina la pili lilipoanza kusogea kwenye ramani, aliachia meza, akaenda kunawa mikono, akaagiza kitanda kiandaliwe.