Keki Isiyoanguka

"Upande wa bwana harusi au wa bibi harusi?" aliuliza msichana wa mlangoni, akimchomeka Enid ua la karatasi kifuani.

"Wowote, mwanangu. Niweke tu karibu na mlango wa jikoni."

Harusi yenyewe ilikuwa ya maigizo. Kila Jumamosi, katika hoteli hii ya ufukweni mjini Morecambe, Uingereza, watu walikula kuku wa kuoka huku wakicheka harusi ikiharibika mbele yao, na wao wenyewe wakifanywa jamaa. Norris, mume wa Enid, aliigiza mhudumu mzee anayemwaga kila kitu. Kila kitu isipokuwa keki. Keki ya ghorofa tatu aliipitisha katikati ya meza akiyumba, watu wakipiga mayowe, nayo haikuanguka kamwe. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wote.

Enid hakuwahi kuja kabla ya leo. Watu wa kanisa lake hawakunywa pombe, na humu bia ilitiririka. Lakini tangu majira ya baridi Norris alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili. "Baridi tu," alisema. Kaka yake Enid naye alisema baridi, mpaka akaishia kulishwa kwa kijiko. Na Desmond, msimamizi wa maigizo, alikwisha kutamka: siku keki ikianguka, mzee akapumzike. Akapumzike wapi? Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo Norris alinyoa ndevu bila kuambiwa.

Supu ilimwagika mapajani mwa baba wa bibi harusi. Enid akashusha pumzi. Hiyo ilikuwamo katika mchezo. Nyumbani, wakati wa mazoezi, yeye ndiye aliyekuwa baba wa bibi harusi, taulo mapajani, Norris akimwagia maji mpaka wote wawili wanaishiwa nguvu kwa kicheko.

Kisha zikaja njegere. Norris aliinama mezani kwa akina Enid, kijiko kikaanza kugonga ukingo wa bakuli, ngo-ngo-ngo, njegere zikatawanyika kwenye kitambaa na nyingine zikatumbukia katika bia ya bwana mnene aliyekaa pembeni.

"Mzee, niliomba bia, sikuomba supu ya njegere!" alifoka yule bwana, akifuta machozi ya kicheko. "Jamani, huyu ataniua! Umeona, mama, anavyoutetemesha mkono? Utadhani kweli!"

"Nimeona," alisema Enid.

Njegere hazikuwamo.

Alifumba macho. Hakuomba mkono upone; hilo alikwisha kuliomba. Aliomba keki tu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Norris alitakiwa aanze kuyumba akifika katikati ya ukumbi, lakini keki ilikuwa ikitikisika palepale mlangoni, bwana na bibi harusi wa sukari kileleni wakigongana vichwa. Watu wakaanza kucheka. Norris hakupiga hatua. Macho yake yalizunguka ukumbini, yakamfikia mkewe.

Enid akainuka.

"We shangazi, unakwenda wapi?" alidakia bibi harusi, aliyezoea wageni kuingilia. "Harusi yangu hii!"

"Mmekaa vijana wazima, mzee anabeba peke yake. Hamna haya?"

Ukumbi ukalipuka. Enid akashika upande wa pili wa sinia, na mtetemo ukamwingia viganjani, ukapanda hadi viwiko.

"Watajua," Norris alinong'ona.

"Tembea."

"Si baridi, Enid."

"Najua. Yumba kidogo, wanasubiri."

Wakayumba. Watu wakapiga mayowe. Keki ikafika.

Desmond alikuja akipiga makofi. "Mama, umetokea wapi wewe? Hicho kipande cha igizo tunakiweka kila Jumamosi!"

Enid alirudi mezani. Baada ya kahawa Norris alipita akikusanya vikombe, navyo vikalia juu ya visahani vyake njia nzima, bwana mnene akijishika mbavu. Mlango wa jikoni ukajifunga. Enid alikaa, sukari ya keki ikimkaukia kwenye mkono wa gauni, akivisikia vikombe vikiendelea kulia huko ndani, ambako hakukuwa na mtu wa kuchekeshwa.