Njia Panda ya Koo

Kosa ni langu, sikatai: nilimchekesha Mama akiwa na nyama mdomoni.

Nilikuwa naigiza bosi wangu wa chumba cha eksirei anavyomfokea mgonjwa "usitikisike!" huku chafya inamjia mwenyewe. Mama akacheka, kisha kicheko kikakatika. Mikono kooni, macho yamemtoka, sauti hakuna. Amepaliwa! Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni katikati ya mabega, tena na tena, mpaka kipande kikaruka na kutua kwenye glasi ya mke wangu.

Tangu hapo Mama akajifungia kula chumbani. Uji tu. Gauni likaanza kumpwaya.

"Uzee umenifika kooni," akasema. "Niacheni."

Nikaketi kitandani kwake. "Mama, makoo ndiyo kazi yangu, nayapiga picha kila siku. Huo si uzee, ni urithi wa mababu."

"Mababu wa upande gani?"

"Pande zote. Samaki."

"Hao wa kwa baba yako."

"Sikiliza basi. Samaki wa kale walianza kumeza hewa. Mapafu yakachipuka kama kifuko kwenye koo lilelile la chakula, kwa mbele. Pua ikabaki juu. Na sisi tumerithi hivyohivyo: pumzi na tonge lazima vipishane njia panda, na trafiki ni kifuniko kimoja kidogo. Ukicheka huku unakula, trafiki anachanganyikiwa."

"Miaka yote hiyo hakuna aliyerekebisha?"

"Utabomoaje nyumba na wewe umo ndani? Unaongeza vyumba tu."

Akakoroga uji, hakuunywa. "Kwa hiyo koo langu zima?"

"Zima kama la mkweo."

"Mwenye makosa ni samaki."

"Samaki na mimi."

"Wewe zaidi."

Mchana akarudi mezani, kwa sharti moja: mdomo wangu nisiufungue ila kwa kijiko. Mke wangu alikatakata nyama vipande vidogo. Mama akachukua kimoja, akakitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata, akakitia mdomoni. Akatafuna. Kikapita. Akachukua kingine.

Furaha ikanibana kifuani, na mzaha nao ukanibana. Maana mwisho wa ile ya bosi hakuwahi kuusikia.

"Jamani," nikanong'ona, "mkishameza, niruhusuni nimalizie ile ya chafya."

Meza nzima ilikuwa inatafuna.