Taji la Mfalme Ludoviko

Mwalimu Léonce alijua barabara historia ya kanisa moja tu, na hilo lenyewe hakuwahi kuliona. Miaka ishirini, shuleni Ngozi huko Burundi, aliwasimulia wanafunzi wake habari za Sainte-Chapelle, kanisa la Kigothi ambalo Mfalme Ludoviko wa Tisa alilijenga Paris, ndani ya jumba lake, ili aweke humo taji la miiba la Yesu. Orofa ya juu ilikuwa ya mfalme na wakuu wake, ya chini ya watumishi. Huko juu kuta karibu hazipo, ni madirisha kumi na matano marefu ya vioo vya rangi. Bahati mbaya kitabu alichofundishia kilikuwa kimeliwa na panya kuanzia pale taji lilipowekwa kanisani, basi historia ya Mwalimu nayo ikaishia hapo panya alipoanzia. Kila mtihani aliuliza taji liko wapi, na aliyejibu "kwa mfalme" alipata alama zake zote.

Sasa, ugenini kusini kabisa mwa Afrika, alikuwa mlinzi wa geti kwenye maghorofa ya Doornfontein, akiwafungulia wanachuo wasiojua kwamba mzee huyu anajua chochote. Nyumbani ni Bellevue, chumba kimoja katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao, na humo mkewe Gaudence alikuwa akifa taratibu. Moyo umepanuka, daktari alisema. Vidonge vitasogeza siku tu, ila akiviacha hata hizo siku hazipo. Gaudence alivimeza shingo upande. Alichokitaka hasa ni mwana wao Yves, aliyekuwa akiosha vyombo Paris bila karatasi za ukaazi, akamsalie mbele ya taji lile.

"Baba yako anajua liliko," alimwambia kwenye simu. "Muulize."

Yves akauliza, na Mwalimu akajibu papo hapo, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa chaki mkononi.

Ruhusa kazini Yves aliipata siku moja tu, Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi. Ujumbe wake wa sauti uliingia jioni, Mwalimu yuko getini.

"Papa, jumba la mfalme sasa ni mahakama, kanisa liko ndani yake. Nimepita mbele ya polisi bila karatasi. Vioo vipo vyote, umesema kweli. Lakini taji hakuna. Mlinzi amenicheka. Anasema wakati wa Mapinduzi, walipomwondoa mfalme, lilitolewa, kanisa wakaligeuza stoo ya mafaili. Ni miaka mia mbili sasa liko kanisa kuu la Notre-Dame, hata mbali si mbali. Nimekimbia, nimekuta wamemaliza kulionyesha, wamesharudisha ndani. Ijumaa Kuu watalionyesha tena. Nitatoroka kazi, niende."

"Papa Yves, mtoto amefika?" Gaudence alimuuliza mumewe mara tu mlango ulipofunguka.

"Amefika."

"Amesali?"

"Amesali."

Wiki moja tu, Mwalimu alijiambia. Mtoto atalifikia taji, na uongo utakuwa kweli. Na mkewe alicheka usiku ule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi.

Jumatatu jioni jirani yao Marthe, msusi kutoka Bukavu, aliingia bila hodi, simu mkononi.

"Mama Yves, ona, Notre-Dame iko naungua."

Walitazama mnara ukianguka. Mwalimu akakaa kitandani. Gaudence akampapasa mgongo.

"Pole yao," alisema. "Mungu ashukuriwe, taji liko kwa mfalme." Kisha akatoa chini ya mto leso iliyofungwa fundo, akaifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vya siku tatu. "Tangu Ijumaa sijameza. Mtu ameshaombewa pale, akimeza tena si ni kumwambia Mungu hatumwamini?"

Ndipo Mwalimu alipoelewa kwa nini siku hizo miguu ya mkewe ilikuwa imevimba vile. Akamwambia yote, kuanzia panya hadi Mapinduzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimaliza historia ile. Marthe alitoka polepole akavuta mlango.

"Basi mwanangu alipita kwa polisi kwa sababu ya panya," Gaudence alisema.

"Nisamehe. Meza dawa, Mama Yves, nakuomba."

"Nilipoviacha nilikuwa na imani. Nikivirudia nitakuwa na nini?" Akageukia ukuta.

Asubuhi redio ilisema taji limeokolewa, limefichwa mahali salama. Wapi, haikusema. Kila siku Mwalimu alisimama kando ya kitanda na vidonge na kikombe cha maji mpaka saa ya kazi ikafika, na kila siku aliyamwaga.

Ijumaa Kuu Yves alipiga simu. Polisi walikuwa wamefunga njia ya Notre-Dame, alisema, lakini alikuwa ng'ambo ya mto, mkabala nalo, anasali.

"Mwambie Mama nimesimama karibu."

Mwalimu aliinama, akamwambia. Gaudence hakugeuka. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana.

"Karibu na nini?" aliuliza.

Mwalimu Léonce, aliyeuliza miaka ishirini taji liko wapi, aliinua kikombe, akaenda kuyamwaga maji.