Marehemu wa Mstari wa Tatu

"Unadhani wataniweka mwanzoni au katikati?" mumewe aliuliza, pasi mkono mmoja, kola ya koti mkono mwingine. "Katikati ni bora. Mwanzoni watu huwa bado wanatafuta viti."

Mponda kokoto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akijipaka mafuta viganjani. Alisema pasi ina moto mno, ataliunguza koti.

"Koti hili limeniona bwana harusi," mumewe alisema. "Leo litaniona nyota wa filamu."

Mtaani alijulikana kama Fundi Saa, ingawa hakuna aliyemletea saa tangu saa zihamie kwenye simu. Mguu wa kulia nao ulianza kumvimba, akaifunga meza yake ya kazi na kuingia jikoni. Sasa alipika, alifua, alifagia, na jioni alimchemshia mkewe maji ya kumkanda mgongo. Wanaume kadhaa wa mtaa walimcheka kwa hilo. Ni walewale wanaopikiwa na kufuliwa, na bado wanarudi nyumbani wamenuna kana kwamba dunia inawadai.

Alikuwa ametangaza kila mahali. Kinyozi alijua, muuza maji alijua, hata mwenye nyumba, ambaye hapendi kujua chochote kuhusu wapangaji wake isipokuwa mwisho wa mwezi, alijua kwamba leo Fundi Saa ataonekana ukumbini, ukubwa wa ukuta. Mkewe alijaribu kumzuia. Alisema ukumbi uko mbali, ngazi ni nyingi, viti ni vigumu. Fundi Saa alijibu kwamba atakwenda hata kwa kutambaa.

Mkewe alijua asichokijua yeye. Katika filamu ile, Fundi Saa alikuwa amekufa.

Aliyemuua alikuja machimboni kiangazi kilichopita, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa na viatu vya kupandia milima. Alisema anatengeneza filamu ya hali halisi, ya kuamsha jamii. Jamii, kwa maelezo yake, ilikuwa imelala usingizi wa pono, na yeye ndiye aliyetumwa kuibishia hodi. Wanawake walimsikiliza huku wakiponda, maana kokoto hazipondeki kwa kusikiliza. Kufikia mchana walikuwa wamempa jina. Walimwita Tena, kwa sababu kila ulipofanya jambo, hata kama ni kupenga kamasi, alikuomba ulifanye tena.

Alimchagua Mponda kokoto kwa sababu ya uso wake, uliokuwa, alisema, na historia. Kazi yake ilimvutia kidogo kuliko uso. Mpondaji hulizungushia jiwe pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, akaishika pete badala ya jiwe, ili nyundo ikiteleza ikute mpira na si kidole. Tena hakuipenda ile pete. Inaficha mkono, alilalamika. Alimwomba aiweke kando na kulishika jiwe kwa vidole vitupu. Mama wa watu akagonga, akagonga, vidole vikabaki salama, na Tena akasema neno lake. Kucha ya kidole gumba ilipopasuka na damu kuruka juu ya jiwe, alimshukuru sana. Hiyo, alisema, imekaa vizuri.

Fundi Saa alikuwepo. Alikuwa amemletea mkewe chakula, akaiona kamera imesimama kwenye jua kali, na akaihurumia. Alirudi nyumbani kuchukua mwavuli. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa kazi alisimama nyuma ya kamera kwa mguu wake ule mbovu, akiikinga na jua, huku mkewe mbele ya kamera akiungua. Watu wa Tena walimwita mzee wetu. Walikula chakula chake, wakacheka masihara yake, wakamwambia bila yeye kazi isingekwenda. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi akang'aa.

Siku ya kupiga picha za nyumbani walimwomba mzee wetu apishe nje kidogo, chumba ni kidogo. Msaidizi mmoja akaondoa mto mmoja kitandani, ukabaki mmoja. Akavisukuma viatu vya kiume uvunguni. Akaliangua koti kwenye msumari na kulikunja nyuma ya mlango. Mponda kokoto aliyaona yote haya na kudhani wanamsafishia nyumba. Alichofanya ni kuona haya kidogo, kwamba nyumba yake ilihitaji kusafishwa na wageni.

Alielewa mwezi mzima baadaye, ofisini kwa Tena, alipoonyeshwa filamu kwenye kompyuta. Sauti ya mwanamke, laini, yenye huzuni ya kukodi, ilisema kwamba tangu mumewe alipofariki, mama huyu hana mbele wala nyuma.

"Nani kafa?" aliuliza.

Tena alicheka kwanza. Kisha akavuta kiti karibu na kumweleza polepole, jinsi watu wa aina yake wanavyowaeleza wapondaji kokoto.

"Mama yangu, watu wakiona mwanamume mzima yuko nyumbani wanaanza maswali. Kwa nini hafanyi kazi, anakunywa pombe, mambo hayo. Wakiona mjane, wanafungua mioyo. Ukweli ni uleule. Tumeupunguza tu."

"Mmempunguza mume wangu."

Tena alitazama saa yake, kisha akaleta habari ya banda. Siku ya maonyesho watakuja wafadhili. Wakiguswa, watawajengea wanawake wa machimboni banda la kuwakinga na jua, watawawekea tangi la maji, na watampa kila mmoja miwani ya kazi. Hakutoa sharti lolote. Alisema tu kwamba wafadhili hawapendi kuchanganywa.

Miwani ndiyo iliyomfunga mdomo. Machimboni kulikuwa na mwanamke waliyemwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake, na kipande cha jiwe kilikuwa kimemtoa jicho la kushoto. Mponda kokoto alipowasimulia wenzake, ni Spika aliyeamua shauri.

"Mwache afe kidogo," alisema. "Banda likisimama atafufuka."

Wote walicheka, na aliyesimulia akacheka nao. Alijiambia atamweleza mumewe mwenyewe, taratibu, usiku akikandwa mgongo. Lakini mtu anayekukanda mgongo humwoni uso, na mumewe alikuwa anasimulia masihara ya kinyozi, kisha maji yalipoa. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Woga hauhitaji sababu nyingi, na wake ulijitosheleza na hiyo moja.

Ukumbi ulikuwa na zulia na baridi ya kutengenezwa. Mlangoni walikuwa wamebandika picha ya Mponda kokoto kubwa kuliko mlango wenyewe, kidole gumba kikivuja damu, na wageni walipanga mstari kupiga picha pembeni yake, wengine wakiwa wametabasamu kabla hawajakumbuka kuhuzunika. Yeye aliketishwa jukwaani karibu na mgeni rasmi. Fundi Saa, kinyozi, muuza maji na majirani wengine walipewa mstari wa tatu, kwa sababu Tena alitaka wananchi wa kawaida waonekane vizuri kwenye picha za tukio. Spika na wenzake walikuwa nyuma kabisa, kwani wananchi wa kawaida wakizidi wanaharibu picha.

Taa zilizimwa. Mponda kokoto hakuitazama filamu. Alitazama mstari wa tatu, ambako mwanga wa filamu ulikuwa ukicheza usoni mwa mumewe. Fundi Saa alipoiona nyumba yake alimpiga kinyozi kiwiko. Alipoliona jiko lake alijikohoza. Kitanda kikaja, na mto wake mmoja, naye akainamisha kichwa upande kidogo, akitafuta kitu. Ndipo ile sauti laini ikasema ilichosema.

Tabasamu lilibaki usoni pake, halina mwenyewe. Kinyozi alitazama viatu vyake. Muuza maji alifungua mdomo, Fundi Saa akamwekea mkono gotini, na muuza maji akaufunga.

Taa zilipowashwa wageni walikuwa wanalia. Walilia vizuri, kwa kipimo, bila kuharibu poda. Walipiga makofi wakiwa wamesimama, si kwa mpondaji bali kwa Tena, aliyeweka mkono kifuani na kuinama hadi ndevu zikagusa tai. Bibi mmoja wa wafadhili alikuwa tayari ameweka mkoba wazi mapajani. Mshereheshaji alitangaza banda, tangi na miwani, na wageni wakapiga makofi tena, safari hii kwa ajili yao wenyewe.

Mgeni rasmi akapewa nafasi. Huyu alikuwa mtu mzito serikalini, ambaye maishani hakuwahi kugusa jiwe isipokuwa la msingi, tena kwa mwiko wa fedha. Alisema filamu imemfumbua macho. Macho hayohayo yalipita machimboni kila asubuhi nyuma ya vioo vyeusi, lakini inaonekana yalikuwa yanangoja muziki. Alisema jamii imeamka. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefurahishwa na sauti yake na hakuwa na cha kuongeza, aliwaomba wote wasimame kwa dakika moja, kwa heshima ya marehemu mume wa mama huyu shujaa.

Ukumbi ulisimama. Mstari wa tatu ulibaki umekaa, vichwa vyote vimemgeukia Fundi Saa. Naye akakishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Hapo majirani nao wakasimama. Aliinamisha kichwa kama watu wote. Hakuwa mjinga, alikuwa amesikia habari za banda, na mzigo aliotwishwa aliubeba bila kuulizwa, kama alivyobeba kila kitu.

Mgeni rasmi alifumba macho na kuendelea kufumba. Dakika yake ilikuwa ndefu kama zilivyo dakika za wakubwa. Koti la kijivu lilianza kuinama kushoto. Mponda kokoto aliona vifundo vya mikono ya mumewe vikiwa vyeupe juu ya kiti, na akajisikia kinyaa, kwanza kwa hao waliomzunguka, kisha kwake mwenyewe, na hicho cha pili kilikuwa kikubwa zaidi.

Dakika ilipokwisha, mshereheshaji alimkabidhi Mponda kokoto kipaza sauti kabla watu hawajaketi. Alikuwa amefundishwa cha kusema: kwamba anaishukuru filamu hii kwa kumpa sauti.

"Yule mwenye koti la kijivu, mstari wa tatu, ndiye mume wangu," alisema. "Mwambieni aketi. Mguu unamuuma."

Mgeni rasmi alimtazama Tena. Tena alitazama zulia, lakini si kwa muda mrefu. Akili yake ilifanya kazi haraka kuliko aibu yake, na kwa kidole kimoja akamwelekeza mpiga picha kwenye mstari wa tatu. Bibi wa wafadhili alifunga mkoba, na kifungo chake kikasikika ukumbi mzima. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akaomba radhi, akasema kumetokea hitilafu ndogo ya kiufundi.

Kule nyuma Spika aliinuka. Alijifunga kanga upya, akaufungua mlango mzito kwa bega na kutoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akiuacha mlango ujifunge na mwingine akiufungua tena.

Mponda kokoto alishuka jukwaani. Watu walikuwa wamekaa, na ilimbidi apite mbele ya magoti ya wageni, magoti yenye manukato, yaliyogeuka upande kumpisha kama yanavyogeuka kumpisha mtu mwenye ugonjwa. Mpiga picha alitembea naye, taa ya kamera ikimtangulia. Katika ukumbi wote aliyekuwa bado amesimama ni mumewe.

Alifika akasimama kando yake. Kiti kingine kitupu hakikuwepo. Kinyozi aliinuka kumpa chake, na yeye hakukiona.

"Ungeniambia," Fundi Saa alisema, sauti ya chini, ya nyumbani. "Ningebaki nyumbani. Ningekuwa nimekufa vizuri tu, na watu wangepata miwani yao."

"Keti kwanza, baba."

Hakuketi. Mkewe alimshika mkono wa koti kumvuta chini, kwa nguvu zile zile anazovutia jiwe, na kitambaa kikalia kidogo begani. Fundi Saa alitazama pale aliposhikwa. Akavibandua vidole vya mkewe kwenye koti, kimoja kimoja, bila hasira, bila haraka, akamrudishia mkono wake. Kisha akaugeuza uso kuelekea taa ya kamera, akabaki amesimama.