Honi Chini ya Soni

Tangu lori la Benjamini, Fuso, ligonge mwamba na kuungua kwenye kona chini ya mji wa Soni, kila dereva anayeshuka Mombo hupiga honi akifika kwenye kona ile. Ndiyo salamu yao kwa marehemu. Rahabu, mjane wake, huosha karoti kwenye mfereji juu kidogo ya kona, na kila honi humpoza moyo. Mumewe anakumbukwa. Tena alikufa papo hapo, moto hakuuhisi; ndivyo walivyomwambia wote msibani, na neno hilo ndilo analolalia.

Ni Athumani peke yake asiyepiga honi. Athumani, aliyefika wa kwanza siku ile! Hupita kimya, macho mbele, kama mtu aliyeiba.

Asubuhi moja gari lake lilichemsha, akasimama kuomba maji.

"Shikamoo, mama Alen."

"Marahaba. Gari lako bubu, Athumani?"

"Limechemsha tu, mama."

"Nauliza honi! Wenzako wote wanamsalimia mume wangu. Wewe alikukosea nini? Mlikula sahani moja, leo unampita kama humjui."

Athumani alicheka kicheko kikavu, akainamia dumu lake. Rahabu akalikanyaga.

"Hupati tone mpaka useme."

"Mama, niache."

"Sema!"

"Siwezi kuipiga." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mlango ulikuwa umebonyea, moto umeshika mbele yote. Sikuweza kusogea. Na yeye mle ndani... alikuwa anapiga honi. Anapiga, anaacha, anapiga. Mpaka ikanyamaza."

Rahabu aliondoa mguu kwenye dumu. Harufu ya siku ile ikamrudia: shehena ya mumewe, matunda ya mapeasi, ikiivia motoni, tamu, ikipanda mlima hadi jikoni kwake, naye akijiuliza ni nani anayepika jamu. Honi nayo aliisikia. Alidhani madereva wanagombea njia. Akaendelea kumenya viazi.

Athumani alijaza dumu lake, akaondoka bila kuaga.

Kabla jua halijapanda juu, lori la kabeji likashuka kutoka Lushoto. Dereva wake, mtu mwenye adabu, akaibana honi pale kwenye kona: ndefu, ya heshima.

Rahabu alinyakua ndoo. Karoti zikamwagika barabarani, naye akakimbia na maji kuelekea kwenye kona.