Mstari wa Tatu

Wauguzi walimwita Desimali, kwa sababu hata chai aliikoroga kwa hesabu. Alitunza takwimu za wodi ya wazazi. Kila asubuhi, kwa asubuhi mia mbili, alihesabu watoto wanaohitaji mashine ya joto. Mashine zilikuwa mbili.

Ukiwa na kitu ambacho kesho hujui kitakuwa namba gani, lakini namba zake zote unazijua, hicho ni kigeu nasibu. Cha Desimali kilikuwa na namba nne, na hakikujua nusu: sifuri, asubuhi sitini; mmoja, themanini; wawili, arobaini; watatu, ishirini. Alizigawa kwa mia mbili akapata mistari minne ya uwezekano, na jumla yake ikawa moja kamili.

Mkurugenzi alilitazama jedwali kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Desimali, nipe namba moja."

"Ziko nne, mkuu."

"Wastani?"

"Moja nukta moja."

"Basi mbili zinatosha na za kubakiza."

"Hajawahi kuzaliwa mtoto moja nukta moja, mkuu. Asubuhi moja katika kumi wanakuwa watatu, na wa tatu tunampakia kwenye gari kwenda hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili."

"Huo mstari wa mwisho utaniletea maswali kwenye bodi. Ufute."

Angeweza kukataa. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na mkono mtupu haulambwi. Aliufuta. Mitatu iliyobaki haikufika moja, na jedwali lisilofika moja lilimkera kuliko uongo. Akagawa upya kwa mia moja themanini. Jumla ikatimia, safi kabisa. Fomu ya kila siku nayo akaichapa upya: visanduku vitatu, sifuri, moja na mbili.

Bodi ilisifu jedwali. Mashine ya tatu haikununuliwa.

Ujauzito wa mdogo wake ulipofikisha miezi saba, shinikizo la damu likampanda. "Njoo kwetu," Desimali alimwambia. "Tuna mashine."

Alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, kilo moja na robo. Mashine zote mbili tayari zilikuwa na watoto. Gari liliondoka na mtoto, likarudi na blanketi.

"Dada," mdogo wake alisema akitazama ukuta, "wewe ndiye wa hesabu. Hii ni bahati mbaya tu?"

Jibu lilikuwa kichwani, sehemu moja ya kumi, tangu mwaka jana.

"Ni bahati mbaya, mdogo wangu."

Ofisini muuguzi wa zamu alikuwa amemwekea fomu ya siku mezani, haijajazwa. "Nimeshindwa, Desimali. Visanduku vyako vinaishia mbili."

Alichukua kalamu. Watoto waliokuwa kwenye mashine asubuhi ile walikuwa wawili. Akatia alama kwenye mbili.