Shahidi wa Pili

…ulimwona kwa macho yako, ananiuliza kadhi, swali jepesi, mtoto wa chuoni angelijibu, na kalamu ameshaichovya, wino umejikusanya nchani unataka kudondoka, na mimi nimekaa kwenye mkeka wa msikiti wa Ambanoro miguu imekufa ganzi, mimi Fahardini ambaye Nosy Be nzima inanijua kwa kusimulia, leo ulimi umeganda, lo, sema ndiyo basi, ndiyo shekhe, nilimwona, shemeji yangu Daudu aliuawa mbele ya macho yangu ufukweni Mahajanga siku ile Wahova, askari wa milimani, walipoingia mjini, neno moja tu kadhi ataandika, na dada yangu Sitina atakuwa mjane kama wajane wengine, Ijumaa ataolewa na seremala wake, miaka tisa hii si mke si mjane, yuko nyuma ya pazia hapo, nasikia bangili zake, leo asubuhi ametia nywele mafuta, mara ya kwanza tangu tuje kisiwani huku, akaniambia, kaka, wewe nenda kaseme ulichokiona tu, mengine mwachie Mungu, nilichokiona, masikini Sitina, ungejua… mashahidi wawili, anasema kadhi, mmoja tumeshamsikia, naam shekhe, na huyo mmoja ni Ahamada, huyu hapa ubavuni pangu anajifuta ndevu, katoa ushahidi wake huku analia, tulimwona, kasema, alisimama kwenye matope ya mikoko, mkuki ukampata hapa, akajigusa shingo, akaanguka kifudifudi, kofia yake ikaelea, kofia nyeupe ya uzi wa kijani, na nyuma ya pazia Sitina akashindwa kujizuia, akatoa sauti, maana kofia ile aliishona yeye, na mimi moyoni nasema, wallahi, Ahamada wewe! siku ile ulikuwa mbali, kijijini Boanamary, umelala na homa kwa mjomba wako, mji unaanguka wewe unanyweshwa uji, tope umeliona wapi, kofia umeiona wapi, umeiona kinywani mwangu, ni maneno yangu hayo, hata pale aliponyamaza kidogo kabla ya kuitaja kofia, mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza pale, na wala hasemi uongo, hilo ndilo linalonichoma, machozi yake ni ya kweli, ameona, ameona kabisa…

ni desturi yetu hii sisi tuliokimbia, kila mwaka tukishasoma hitima ya watu wetu wa Mahajanga, kahawa ikishapita, kila mmoja hupewa marehemu wake amsimulie, na sharti umsimulie kana kwamba ulikuwepo, hata kama siku ile ulikuwa mbali, hata kama hukuwa umezaliwa, husemi walimwona, unasema tulimwona, ili marehemu asiwe amekufa peke yake, wazee walianzisha kwa huruma, jambo zuri, sikatai, mwaka wa nne Ahamada akapewa Daudu, akaja kwangu kujifunza, nikamfunza, hapa punguza sauti, hapa watazame watu, kofia iweke mwisho, na tangu hapo kila mwaka tulimwona, tulimwona, mtu akisema tulimwona miaka mitano ataacha kuona? na kadhi ni mgeni, mtu wa Ngazija, mwezi wa pili huu kisiwani, nani amweleze kwamba hapa kwetu kila mtu alikuwepo, kila mtu aliona, mji mzima wa mashahidi na labda hakuna hata mmoja, nje wanawake wananadi samaki kwa Kisakalava, mmoja anacheka, cheka mama, cheka, wewe hujaulizwa kitu… sisi, neno tamu hilo, shuka pana, ukijifunika na wenzako hakuna atakayeona mguu wako umechafuka wapi, nimelala ndani ya shuka hilo miaka tisa, na kadhi kwa swali moja amelivuta, ulimwona, wewe, si nyinyi, wewe.

Haya, mimi, waondoe wengine wote, abaki Fahardini peke yake, niliona nini, nafumba macho na naona, sitanii, naona mikoko, naona tope, naona Daudu amesimama ndani yake mpaka magotini, naona mkuki unakuja, kila kitu kipo, ila ngoja kwanza, mimi niko wapi, mimi niko ndani ya mtumbwi, natoka mlango wa mto, mkononi nina kafi, na mtu anayepiga kafi si anatazama mbele? ebo! Daudu alikuwa mgongoni kwangu, sikugeuka, najua sikugeuka, hilo ndilo jambo pekee ninalolijua kwa hakika siku ile, na watu wote hawa wa pwani, waliozaliwa makafi mikononi, wameisikiliza hadithi yangu miaka tisa wakilia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Fahardini, mtu wa nyuma yako ulimwonaje… hawakutaka kuuliza, na mimi sikutaka kuulizwa, tukapatana bila kusema, basi yalikuwa hivi, hakuna mkuki, kulikuwa na mtumbwi mmoja na kafi moja, Daudu akavua kofia akaniwekea mapajani, nishikie, naenda kuchukua kafi la pili pale kwa mzee jirani, narudi sasa hivi, akakimbia kichwa wazi, nikangoja, nilingoja kweli, kisha kelele zikaanza kwenye nyumba za makuti, na moshi, na nikasikia sauti yake inarudi inakuja mbio, Fahardini, ningoje! mara moja tu, ningoje, na mikono yangu ikausukuma mtumbwi, mikono, nasema mikono, hata sasa naikwepa, mimi niliusukuma… na kofia nilikuja nayo mpaka kisiwa cha Nosy Sakatia kikawa kinakaribia kuonekana, nikamfikiria Sitina, aliyetangulia huku na wanawake, ataniuliza kofia imefikaje bila kichwa, nikaitupa majini, ikaelea, nyeupe, ya uzi wa kijani, ikaelea muda mrefu, hiyo ndiyo niliyoiona, astaghfirullah, katika hadithi yangu yote jambo moja ndilo la kweli na hilo ndilo linalowaliza.

Fahardini, anasema kadhi, tunakungoja, na Ahamada ananigusa goti, sema ndugu yangu, sote tunajua ni uchungu, na nikisema ndiyo nani atadhurika, Daudu kama amekufa amekufa, kama hakufa… kama walimfunga kamba wakampandisha bara, kama yuko huko milimani analima mpunga wa watu na kila jioni anahesabu, Sitina ana umri gani sasa, na Ijumaa mkewe anaingia kwa seremala kwa ushahidi wangu, ya Rabi, na nikisema hapana Sitina atarudi nyumbani na mafuta yake kichwani, atangoja tena, atazeeka anangoja, na atajua anangoja kwa sababu yangu, na hatanipikia tena, hataniita kaka… nafumba macho tena nitafute njia, na tazama, ufuko umegeuka, sioni mikoko mbele yangu, mikoko iko pembeni, tope liko miguuni mwangu mimi, la moto, linanivuta, mkononi nina kafi la pili, pumzi imenikatika kwa mbio, na mbele kuna maji na mtumbwi na mgongo, mgongo wa mtu, kanzu imelowa jasho katikati, anapiga kafi upesi upesi kulia, kushoto, kulia, mgongo unakuwa mdogo, geuka, nasema, geuka hata kidogo tu nikuone uso, haugeuki, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, kumbe siku ile alikuwepo shahidi mmoja mzima mwenye macho, na miaka tisa nimemfunga kinywa kwa mkuki wa kutunga… wino haujadondoka bado, unaning'inia, Ahamada anajifuta ndevu, bangili nyuma ya pazia zimenyamaza, amezishika kwa mkono ili anisikie vizuri, nisamehe dada yangu, nisamehe na Ijumaa yako, maneno nimeyapata, ni machache, shekhe, mimi sikumwona, yeye ndiye aliyeniona.